Nani Aliyelipia Mpauko wa Jinzi Yako?

Vijana wenzangu, leo sikuleta hadithi, nimeleta ugomvi. Nagombana na kauli moja iliyoenea vijiweni, madukani, na hata katika miswada ya sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Kauli yenyewe ni hii: "Jinzi hiyo imekufa." Ukivaa jinzi ya bluu nyepesi, ile inayokaribia rangi ya anga la saa nne asubuhi, wenzako wanakukagua kuanzia miguuni, wanacheka, kisha wanakushauri eti uipeleke kwa mpiga rangi. Lakini mtaa huohuo, siku hiyohiyo, anapita kijana mwingine na jinzi iliyopaushwa kiwandani, mapaja meupe kama yamemwagiwa unga. Ameilipia shilingi 45,000 dukani, naye anaitwa bishoo. Sasa mimi nauliza: kwa nini mpauko mmoja uwe aibu na mwingine uwe fasheni? Na huo wa fasheni, nani aliyeulipia?

Nina haki ya kuuliza. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaniambia nitafute kazi, nikaipata kwa mjomba wangu anayeuza mitumba pale Karume. Kazi yangu ni kuchambua jinzi kila belo likifunguliwa. Usiku naandika riwaya ambayo bado haijapata mchapaji. Jinzi nilizozishika kwa mikono hii ni nyingi kuliko vitabu nilivyosoma, na nawaambieni, jinzi nazo zinasomeka. Kila moja imeandikwa na mtu. Shida ni kwamba tunasoma bei tu, basi.

Tuanze na rangi yenyewe, maana wengi wanabishania kitu wasichokijua. Rangi ya jinzi ni nili. Neno hili tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na asili yake ya mbali ni Bara Hindi. Nili ina ukaidi wake: haiyeyuki katika maji. Ili ishike uzi, lazima kwanza ibadilishwe kwa dawa ndani ya pipa mpaka iyeyuke na kuwa na rangi ya manjano inayoelekea kijani. Uzi wa pamba unachovywa humo, unatolewa, na ukipigwa na hewa unageuka bluu mbele ya macho yako. Unachovywa tena, unatolewa tena. Kila mchovyo unaongeza giza. Uzi wa jinzi iliyokolea umechovywa mara nyingi. Uzi wa jinzi nyepesi umechovywa mara chache. Tena kwa jinsi viwanda vya jinzi vinavyochovya, nili haifiki kwenye moyo wa uzi. Inakaa juu kama ganda, ndani uzi unabaki mweupe. Ndiyo maana jinzi hupauka: ganda linasuguliwa, moyo mweupe unachungulia. Rangi hiyo imeumbwa hivyo. Wazee wetu walikwisha kusema, kaniki ndiyo mwendo wake.

Kwa hiyo bluu nyepesi ya jinzi huja kwa njia tatu. Ya kwanza ni michovyo michache. Ya pili ni miaka ya mvaaji. Ya tatu nitaieleza baadaye, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Njia ya kwanza tukaitazame Japani, kwa sababu huko nili ina heshima yake. Wajapani wana jina kwa kila daraja la rangi hii. Iliyokolea wanaiita kon. Nyepesi mno wanaiita kamenozoki, maana yake kuchungulia mtungi: yaani kitambaa kimechungulia tu ndani ya mtungi wa rangi, kikatoka. Hebu lisikilize jina hilo tena. Hakuna anayesema kitambaa hicho kimekufa, kimefubaa au kimeishiwa. Kimechungulia mtungi. Aliyekichovya aliamua kukitoa mapema, na uamuzi wake ukapewa jina.

Sasa nenda Kojima, katika mkoa wa Okayama, mji unaojulikana kwa jinzi kama Tanga ilivyojulikana kwa mkonge. Huko na katika miji ya jirani wapo wanaofuma denimu kwa mashine za zamani. Katika mashine hizo, uzi wa mshindio hubebwa na kibao kilichochongoka kama mtumbwi mdogo. Kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, kinapita katikati ya nyuzi za mtande, na uzi haukatwi. Kwa kuwa uzi unageuka na kurudi, ukingo wa kitambaa unajifunga wenyewe, haufumuki. Ukingo huo ndio unaoitwa selveji. Mashine za siku hizi zinarusha uzi na kuukata kila safari. Kitambaa kinakuwa kipana, inchi 60 au zaidi, kazi inakwenda mbio, lakini ukingo unabaki na ndevu na lazima fundi aufunge kwa cherehani. Kitambaa cha selveji ni chembamba, kama inchi 30 hivi, na suruali moja inakula karibu yadi 3.

Baadhi ya mashine hizo za zamani zina jina la Toyoda. Naam, msomaji, ni ukoo uleule unaoufikiria. Sakichi Toyoda alikamilisha mashine yake ya kufuma inayojiendesha mwaka 1924, kampuni ya kuzitengeneza ikaanzishwa mwaka 1926, na kutoka humo ikazaliwa kampuni ya magari mwaka 1937. Haisi unayoning'inia mlangoni kwenda Kariakoo ni mjukuu wa mashine ya kufumia nguo. Mtu asituambie basi kwamba habari za selveji hazituhusu, ni mambo ya wazungu na Wajapani wenye pesa. Tumo ndani ya hadithi hiyo kila siku, tumebanwa kwenye siti ya nyuma.

Wapo mafundi wanaofuma selveji kwa uzi wa nili nyepesi, uliochovywa mara chache tangu mwanzo. Kitambaa kinatoka kiwandani tayari kina rangi ya anga. Na hapa ndipo ninapokutana na wapinzani wangu wa kwanza, tena ni watu wanaojua jinzi. Ni wale wapenzi wa selveji wa Ulaya, Marekani na kwingineko. Wao wanataka iliyokolea, mbichi, haijagusa maji, ili waivae miezi na miezi, wakitazama mikunjo ikichora michirizi meupe kwenye mapaja na nyuma ya magoti. Nyepesi wanaidharau. Eti haichori kitu, eti ni kama kuandika kwa chaki juu ya ukuta mweupe.

Nawajibu hivi. Pamba ni ileile, mashine ni ileile, mfumaji amesimama saa zilezile akiangalia uzi usikatike. Kilichopungua ni michovyo tu. Kama thamani ya selveji ni kazi ya mfumaji, kama mnavyohubiri wenyewe, basi nyepesi haina upungufu hata kidogo. Mnachokililia ni ule mchoro mkali wa kuwaonyesha wenzenu kwamba mmeivaa. Nyepesi haina haraka hiyo. Alama zake zinatokea polepole na zinakaribiana na rangi ya mwanzo. Aliye mbali haoni kitu. Aliye karibu, anayekufahamu, anaona. Mimi naona hiyo ni adabu ya nguo.

Wapinzani wangu wa pili wako hapahapa mjini. Hawa hawajali selveji wala ndugu yake selveji. Kwao jinzi nyepesi ni ya mtu aliyefulia, basi. Wanaipeleka kwa mpiga rangi, inachemshwa na unga wa rangi, inatoka nyeusi ti, na ikikunyeshea mvua unarudi nyumbani una miguu ya bluu. Mara mbili tangu nianze kazi nimekunja pindo la jinzi iliyopauka vizuri, ndani nikakuta ukingo mweupe wenye uzi mwekundu. Jinzi za Levi's 501 zilishonwa kwa kitambaa cha namna hiyo mpaka miaka ya 1980, kingine kikitoka kiwanda cha White Oak cha Greensboro, North Carolina, kilichoanza kazi mwaka 1905 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2017. Ya kwanza ilinunuliwa kwa shilingi 8,000 na kijana mmoja, kesho yake nikamwona nayo imepigwa rangi nyeusi. Sikuwa na la kumwambia pale, nguo ni yake. Ndiyo maana naandika.

Sasa njia ya tatu. Njia ya tatu ni mchanga.

Kiwandani wanachukua jinzi mpya iliyokolea. Mfanyakazi anashika bomba linalorusha mchanga kwa nguvu ya hewa, anaelekeza kwenye paja na goti mpaka nili ibanduke. Kwa dakika chache jinzi inaonekana imeishi miaka mitano. Lakini mchanga ule ukipiga kitambaa unavunjika na kuwa vumbi laini la silika, na vumbi hilo likizama kwenye mapafu halitoki tena. Linaacha makovu, makovu yanaongezeka, pumzi inafupika hata kupanda ngazi kunakuwa safari. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna tiba. Nchini Uturuki, katika miaka ya 2000, madaktari waliwakuta vijana waliofanya kazi hiyo kwenye vyumba vilivyofungwa, wengine wa rika letu hili hili, wakiugua, na wengine wakafa. Serikali yao ikapiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Mwaka 2010 Levi Strauss na H&M wakatangaza kwamba wanaachana na jinzi zilizopigwa mchanga. Hata baada ya hapo, uchunguzi ulikuta kazi hiyo ikiendelea katika viwanda vya Bangladesh na China.

Umeelewa sasa ninachogombania? Mpauko hautoki hewani. Kama mchovyaji hakuutoa kwa kuchovya kidogo, na mvaaji hakuutoa kwa kuishi, basi kuna mtu mwingine aliyeutoa, na huenda ameutoa kwa mapafu yake. Yule bishoo wa 45,000 amenunua miaka mitano ambayo hakuiishi. Kule mbali kuna kijana aliyepunguziwa miaka ili huyu aonekane anayo.

Utaniambia ziko njia nyingine siku hizi. Ni kweli. Yako mawe mepesi ya volkano, ndugu wa lile jiwe tunalosugulia visigino, yanazungushwa na jinzi ndani ya mashine ya kufulia mpaka zichubuke. Iko pamanganeti ya potasi, dawa inayopulizwa kwenye mapaja ili ile rangi, nayo inataka kinga ya uhakika kwa anayeipuliza. Iko miale ya leza inayochoma nili juu juu bila mchanga wowote, na hiyo kwa mfanyakazi ni afadhali kubwa, siwezi kukataa. Lakini ukisimama mbele ya rafu dukani, nani atakuambia hii imepita kwenye leza na hii imepita kwenye mchanga? Lebo inakuambia saizi na namna ya kufua. Muulize muuzaji, atakuambia, "Braza, hiyo ni orijino."

Basi jifunze kusoma mwenyewe, kazi hii haihitaji cheti. Ishike jinzi mbele ya mwanga. Kama mapaja yote mawili yamepauka sawasawa, duara kwa duara kama mapacha, hakuna binadamu aliyeivaa ikawa hivyo. Binadamu ana mguu anaoutanguliza, ana mfuko mmoja wa nyuma anaoweka pochi, ana goti analopigia chini akifunga kamba za viatu. Mpauko wa kuishi uko upande. Tazama mikunjo ya nyuma ya magoti: ya kweli inafuata mkunjo wa mguu, ya kiwandani mara nyingi iko juu au chini ya mahali goti lako linapokunjika. Na ile iliyochovywa kidogo tangu mwanzo utaijua kwa utulivu wake. Ndani ya mfuko, chini ya mkanda, chini ya lebo, kote rangi inakaribiana, kwa sababu hakuna sehemu iliyoonewa.

Nije kwenye aibu, maana naona ndiyo mzizi wa yote. Aibu ya nili kwetu haikuanza jana. Karne ya 19, katika mwambao wetu, watumwa na maskini walivaa merekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichotoka viwanda vya Marekani, na walivaa kaniki, nguo iliyotiwa rangi nzito ya nili mpaka ikakaribia weusi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka kwenye utumwa walianza kuiacha kaniki, wakajifunga kanga zenye rangi na maua, ili mtu akiwaona njiani asijue jana walikuwa nani. Nawaelewa kabisa. Lakini angalia mzunguko wenyewe: zamani nili iliyokolea ndiyo iliyokuwa alama ya mnyonge, leo iliyopauka ndiyo alama ya mnyonge. Tunaikimbia rangi ileile, mara kutoka gizani kwenda kwenye weupe, mara kutoka kwenye weupe kurudi gizani, na kila tunapokimbia kuna mfanyabiashara anatungoja na bei yake.

Na sisi waandishi? Hapa nitasema kwa ukali, mnisamehe. Soma miswada yetu. Jambazi akiingia sura ya kwanza, amevaa jinzi iliyopauka. Mvuta bangi, jinzi iliyopauka. Mpenzi maskini atakayeachwa na binti wa tajiri, jinzi iliyopauka. Shujaa anayerudi kutoka ng'ambo amevaa jinzi "mpya, ya kisasa", basi, imetosha. Hatujui imetoka wapi, imefumwa na nani, imepaushwa kwa nini. Tumeazima dharau ya kijiweni tukaiita maelezo ya mhusika. Huo ni uvivu.

Wenzetu waliwahi kuitazama nili kwa macho makavu. Huko Bengal, wakati wa utawala wa Waingereza, wenye mashamba makubwa waliwalazimisha wakulima kupanda nili badala ya mpunga, wakawafunga kwa madeni yasiyolipika. Mwaka 1859 wakulima wakaasi. Mwaka 1860 Dinabandhu Mitra akachapisha tamthilia kuhusu mateso hayo, akaiita Nil Darpan, yaani kioo cha nili. Ilipotafsiriwa kwa Kiingereza, mmisionari aliyeichapisha, James Long, akashtakiwa mwaka 1861, akatozwa faini ya rupia 1,000 na kufungwa mwezi mmoja. Tamthilia ya rangi ya nguo ilimpeleka mtu jela! Leo nili karibu yote inatengenezwa viwandani. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1897, na mashamba yale yakafa. Lakini rangi haijakosa watu wa kuilipia, imebadilisha tu mahali wanapoteseka. Nani kati yetu anaandika riwaya ya pamba ya Simiyu inayoondoka ghafi na kurudi ndani ya belo? Nani anaandika juu ya kijana anayekohoa kwa sababu ya paja la suruali ya mtu asiyemjua? Tunangoja mapenzi ya mjini yaishe ndipo tuandike hayo?

Najua nitakachoambiwa. "We mchambua mitumba, selveji ya dola 200 utaivalia wapi?" Sitaivaa, na wala sikuambii ukaitafute. Anayenunua selveji nyepesi kwa bei hiyo ili aitwe mjuzi simtofautishi na bishoo wangu. Ninachosema kinaweza kufuatwa na mtu mwenye shilingi 8,000 mfukoni. Nunua jinzi nyepesi ya mtumba iliyopaushwa na maisha ya mtu, uivae bila kuinamisha kichwa. Ukipata iliyochungulia mtungi tu, ivae. Ukinunua mpya, nunua isiyochezewa, uipaushe mwenyewe kwa kazi zako, kwa siti za daladala, kwa benchi la baraza unapoandika. Iache ile iliyozeeshwa kwa niaba yako. Usipeleke nguo nzima kwa mpiga rangi kwa sababu ya kicheko cha kijiweni.

Na wale wanaocheka, wakikuambia imekufa, waulize swali moja tu, kwa upole, kama unavyomuuliza mtu saa: ya kwako imepaushwa na nani? Kisha subiri jibu. Mimi nimekwisha kuuliza mara nyingi pale Karume, na mpaka leo hii nasubiri.